Mdomo wa Mwanvua na Kompyuta Mpya

Pale Rusimbi, ukitaka jambo lako lichapwe lisifike sokoni kabla yako, unakwenda kwa Mwanvua. Steshenari yake ni chumba kimoja kilichobanana na kinyozi Oswald, na watu hawamfuatii karatasi wala kalamu. Wanafuata mdomo wake unaofungika. Wanawake humpa barua za talaka achape, wazee humpa wosia. Hata mume wake hajui nani kaandika nini, na siku hizi ameacha kuuliza.

Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, alinunua mpya, ya dukani, siyo mtumba. Nasi watu wa huku tuna ugonjwa wetu: kitu kipya hakiguswi. Makochi tunayakalia na nailoni zake mpaka zichanike zenyewe, na kibandiko cha friji kikibanduka tunakirudisha kwa gundi. Mwanvua aliacha nailoni juu ya kifuniko, akaacha na programu zote zilizokuja na mashine, hata zile asizojua kazi yake. Fundi Leodgar alipomwambia azifute, alimcheka.

"We Leodgar, bibi harusi akija na mashangazi zake, utawafukuza mlangoni? Waache, wamekuja naye."

"Haya dada. Ila shangazi mwingine ni mwizi."

Programu moja hasa aliipenda. Ilirusha mafaili kwenye simu bila waya, na vijana walikuwa wanakuja kwake kurushiwa nyimbo. Alikuwa anaiwasha akifungua duka na kuizima akifunga. Kumbe ile programu haikufungua nyimbo tu. Ilifungua kila kilichohifadhiwa mle ndani, na neno lake la siri lilikuwa moja, mbili, tatu mpaka nane, lile lile kwa kila kompyuta ya aina ile. Aliyeitengeneza, kwa kweli, namtamani nimpate nimwulize kama nyumbani kwake anafunga mlango kwa uzi.

Ndipo akaja Mzee Jeremia kutoka Ilagala kuchapisha wosia. Shamba lake la michikichi alimwachia binti yake Wema, aliyemuuguza mama yao mpaka mwisho, akawaruka wanawe wa kiume, Bariki na Dismasi. Hakutaka wajue akiwa hai.

"Wakijua watanisusa," alisema. "Mimi nataka kula na wanangu wote mpaka siku yangu. Nikishakufa, wagombane."

"Kwangu halitoki, Mzee."

Lilitoka. Bariki alilisikia mwaloni Kibirizi, boti za samaki zinapotia nanga, akiwa ananunua dagaa, kutoka kwa mtu aliyekuwa ametoka kunyolewa. Jioni ile alimpigia simu baba yake na kumtajia yaliyomo kwenye wosia. Mzee akamtumia Mwanvua salamu fupi kwa jirani: mwambieni nimesikia.

Mwanvua alipopokea salamu hizo alilia kwa hasira. Alijua hajasema, na alijua hakuna atakayeamini. Oswald alimsikia akilia, akaingia akijifuta nywele mikononi, ameshika simu.

"Dada, usinipige. Nilikuwa natafuta nyimbo za kwaya kwenye mashine yako kwa simu hii; neno la siri nilibahatisha tu, moja mpaka nane. Nikaona jina la Mzee Jeremia."

"Ukafungua."

"Nikafungua. Halafu kuna mteja alikuwa kwenye kiti, tukawa tunaongea tu..."

Mimi ningempiga. Mwanvua alimtaka aonyeshe alivyoingia, na Oswald akaonyesha: zilitokea barua zote, za talaka, za kesi, za watu wanaoamkiana naye kila siku. Mwanvua akaizima mashine, akamwita Leodgar. Fundi aliifuta programu ile, akakuta na nyingine iliyokuwa ikichungulia kila ukurasa Mwanvua anaofungua mtandaoni ili imletee matangazo. Akafuta na hiyo. Hakumkumbusha habari ya mashangazi, na hilo lilimuuma Mwanvua kuliko angekumbushwa.

Kesho yake alifunga duka akaenda Ilagala. Alimkuta Mzee Jeremia anakula ugali na samaki mgebuka. Wema alikuwa jikoni. Viti viwili, vya Bariki na Dismasi, vilikuwa vitupu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, nawa ule."

Hakunawa. Alimweleza yote, programu, kinyozi, neno la siri la kitoto. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si mdomo wako."

"Si mdomo wangu, Mzee."

"Nimekuamini, mwanangu. Lakini mimi siri yangu sikuipa mashine. Nilikupa wewe."

Mwanvua alikuwa amekuja kutafuta msamaha, na alipoupata hakujua auweke wapi, maana viti vile viwili vilikuwa bado vitupu. Mzee alimega tonge, akalishika bila kulila.

"Jirani yangu Rozalia ana jambo lake zito, anataka kuandikiwa. Ameniuliza kama aje kwako. Nimwambieje?"

Tangu afungue duka, swali hilo alikuwa na jibu lake tayari: mlete, kwangu halitoki. Safari hii alitazama mikono yake. Leodgar alikuwa amefuta programu mbili. Zilizobaki, yeye Mwanvua bado hakujua zinafanya nini.

"Mwambie asije kwanza," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akala tonge lake.