Madirisha ya Upande wa Mlima

Mlinzi yule alipoteza kazi kwa sababu yangu. Naanza na hilo, maana nikilichelewesha nitatafuta namna ya kulipamba, na najifahamu.

Mimi ni fundi wa viyoyozi mjini Morogoro, mwanamke ambaye mama yake husema alizaliwa na siafu miguuni. Kutulia siwezi. Nikiingia dukani kununua chumvi, nitaangalia feni ya mwenye duka na kumwambia imepinda. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kuhudumia jengo la ghorofa la mama mmoja, mwalimu mstaafu. Chini palikuwa na duka la dawa, katikati ofisi ya mawakili, juu darasa la kompyuta. Mbele lilikuwa vioo vitupu vya bluu, vya kupendeza kwa mpita njia na vya kumchoma aliye ndani. Nyuma, kwenye korido na ngazi, kulikuwa na madirisha ya kawaida yanayotazama milima ya Uluguru. Mama alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba jengo lake linakula umeme mno. Nikamwahidi nitalipunguza hilo.

Asubuhi moja nilifika mapema kusafisha filta. Nikakuta madirisha yote ya nyuma yako wazi, mlango wa kwenda kwenye paa uko wazi, na katibu wa mawakili ameshawasha kiyoyozi huku mlango wa ofisi ameuzuia kwa kiti usijifunge. Damu ikanipanda. Mlinzi wa usiku, mzee wa Kiluguru, alikuwa anakunja koti lake tayari kwenda nyumbani.

"Shikamoo mzee. Nani kafungua haya madirisha?"

"Marahaba. Mimi. Huwa nafungua alfajiri, nafunga jua likipanda, kabla sijaondoka."

"Ya nini sasa?"

"Humu ndani kunanuka rangi na makaratasi, mwanangu. Halafu kutoka kule kwenye paa naiona nyumba yangu." Akanyoosha kidole mlimani, ambako alikuwa anajenga kwenye shamba la ukoo wa mama yake. "Bati zimefika nusu."

Nilisikia hilo la nyumba, mengine yote yakanipita. Nikaona mtu anapoteza baridi ya wenzake ili atazame bati zake. Siku hiyo hiyo nikamwandikia mama mwenye jengo ripoti, na ndani yake nikaweka sentensi niliyoionea fahari: mlinzi anaipoza Morogoro nzima kwa umeme wako. Mama, ambaye hata kipande cha chaki hakuwahi kuvumilia kitupwe, alimwachisha kazi wiki ile ile. Akaajiri kijana wa zamu, na makufuli ya madirisha nikayanunua mimi mwenyewe.

Nilitegemea kusifiwa. Badala yake simu zikaanza. Darasa la kompyuta halikaliki. Mawakili wanavua makoti kabla ya saa nne. Mwenye duka la dawa ananiuliza kama nimeharibu kitu, na anauliza kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi. Nikasafisha filta upya. Nikapima gesi, ilikuwa sawa. Kompresa zilikuwa zinaunguruma tangu mlango unapofunguliwa hadi jioni bila kupumzika, na umeme ukawa unaisha upesi kuliko zamani. Nikalaumu umeme mdogo, nikalaumu vioo vya bluu, nikamlaumu hata aliyeziagiza mashine zile. Nyani haoni kundule.

Nilikosa raha. Nyumbani nilikuwa nasimama katikati ya kula, nashika ukuta, nakaa tena. Mume wangu akaniuliza kama natafuta mchwa.

Jumapili moja sikuvumilia. Kabla jua halijachomoza nilikwenda kwenye jengo, kijana wa zamu akanifungulia huku anapiga miayo. Nje baridi ya mlimani ilikuwa imeshuka mpaka nikajuta kuacha kanga. Nikapanda ngazi, nikaweka kiganja kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa na joto, kama sufuria lililoepuliwa muda si mrefu. Nikagusa wa ghorofa inayofuata, nao vilevile. Lilikuwa ni joto la jana. Zege lilikuwa limekunywa jua mchana kutwa, tukalifungia humo ndani usiku kucha, na kila asubuhi mashine zangu zilianza kazi na kiporo.

Nikafungua makufuli yote na mlango wa paa. Hewa ya mlimani ikaingia kwa chini, ile nzito ya ndani ikapanda ngazi na kutokea juu. Nilipogusa ukuta tena saa mbili, ulikuwa umepoa. Nilikaa kwenye ngazi nikaona aibu. Kiyoyozi cha kwanza cha jengo lile alikuwa ni yule mzee, na mimi ndiye niliyemzima.

Kesho yake nilimweleza mama mwenye jengo kila kitu. Aliikunja na kuikunjua miwani yake mezani.

"Kwa hiyo nilimfukuza mtu kwa kosa lako."

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda kamrudishe. Na uende wewe, usimtume mtu."

Bodaboda ilinifikisha barabara inapoishia, kilichobaki nikakipanda kwa miguu nikihema. Nilimkuta anapalilia kabichi. Nyuma yake ilisimama nyumba ya matofali, upande mmoja bati mpya, upande mwingine turubai lililofungwa kwa kamba. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema bila kuacha jembe. "Umekuja kufunga na madirisha ya huku?"

Nilistahili. Nikamwomba radhi, nikamwambia kuhusu kuta na joto la jana, kwamba alikuwa anatusaidia sisi sote na mimi nikamsemea uongo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya kuta mimi sikuyajua," akasema. "Nilitaka hewa tu. Lakini wewe ulisomea. Siku ile ungeniuliza nimeanza lini kufungua, na kabla ya hapo jengo lilikuwaje. Kuuliza si ujinga, binti yangu."

"Mama anakuita urudi, baba."

"Mwambie nashukuru. Nimekusamehe, wala sina kinyongo. Ila mvua zimeanza, nimeshapanda, siwezi kuacha shamba nikalinde." Akatazama turubai. "Bati zilizobaki zitasubiri."

Akanipa kabichi mbili nishuke nazo. Nililia njiani, na sikujali nani ananiona.

Vijana wa zamu hubadilishwa kila mwezi, na hakuna anayeshika utaratibu. Kwa hiyo nafungua mimi. Nafika alfajiri, naanza korido ya chini, napanda, namalizia na mlango wa paa. Mashine siku hizi zinapumzika, mawakili wamerudia makoti yao, na mama ameacha kulalamika. Jua likigonga mlimani naitafuta ile nyumba kati ya nyingine, na naipata upesi, maana nusu yake inang'aa na nusu haing'ai.