Paa Lisilo na Msumari

Ofisi yetu ya Riyadh ilikuwa na watu sita tu, na mkubwa wetu alikuwa mama wa Kijerumani, msanifu majengo, mwenye nywele fupi za mvi na miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Tulimwita madam, kama wanawake wenye madaraka wanavyoitwa huku, ingawa yeye mwenyewe alisema neno hilo linamzeesha. Mimi nilikuwa mchoraji wa ramani. Nilisomea Dar, nikafanya kazi Tanga miaka michache, kisha nikapata mkataba huu. Watu wakimuuliza mama yangu nafanya nini Saudia, huwajibu kwamba namsaidia Mjerumani kumjengea Mwarabu, na hakosei sana.

Asubuhi moja madam alitukusanya mezani akamwaga mfuko wa vijiti na vipande vidogo vya mbao vyenye matundu. Kila kijiti kilikuwa na ulimi kwenye ncha zake mbili, na ulimi uliingia tunduni bila gundi wala msumari. Akavipachika taratibu, huku akiongea na chai yake ikipoa, mpaka kikatokea kitu kilichoinuka katikati kama kawa lililofunikwa juu ya sinia. Akaweka juu yake kitabu kinene cha kanuni za ujenzi. Hakikuvunjika. Akaweka cha pili, halafu akanipa mimi cha tatu. Nilikiweka, na vijiti vile vikavibeba vitabu vyote vitatu. Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kutazama.

Alitueleza kwamba popote aendapo watu hudhani jengo la Kijerumani ni kioo na chuma. Kumbe kwao siku hizi wasanifu wengi wamerudi kwenye mbao. Kompyuta inaongoza msumeno, kila kipande kinakatwa kwa kipimo cha unywele, na jengo likichokwa mahali linafunguliwa na kuhamishiwa pengine. Sasa shule moja ya Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, ilitaka ukumbi wa kusomea watoto uani kwake, usiwe na nguzo hata moja katikati. Paa lingekuwa kama lile la mezani, ila kubwa.

Mbao zilikatwa Ujerumani zikaja kwa meli. Nilitumwa Jeddah kuzipokea na kuhakiki namba zake, maana kila kipande kilikuwa na namba yake na mahali pake, na kimoja kikipotea kazi ya paa lote inasimama. Nilizikuta kwenye banda la shule, zimefungwa nailoni furushi kwa furushi. Vifundo, yaani vile vipande vyenye matundu, vilikuwa na namba zilizobandikwa nje. Miti mirefu, ile yenye ndimi, namba zake zilikuwa ndani ya nailoni, na nailoni imeingia ukungu kwa fukuto la Jeddah. Sikuweza kusoma kitu. Nikachukua kisu nikapasua mafurushi yote ya miti, nikahakiki, nikaridhika, nikarudi Riyadh na karatasi yangu safi.

Baada ya wiki tatu kazi ya kuunganisha ikaanza, nami nikarudishwa Jeddah. Siku ya kwanza saiti nilisikia mtu juu ya jukwaa akiilaumu nyundo yake kwa Kiswahili cha Mombasa. Alikuwa seremala wa kampuni ya ujenzi, mtu wa makamo, mwembamba, akiishi mtaa wa Kandara na wenzake wanne chumba kimoja. Nilipomsalimu alishuka ngazi yote, akauliza natoka wapi, akasema hakujua kama Watanga nao wamefika kumsimamia hadi huku. Tangu hapo akaniita dada, nami nikamwita fundi.

Alikuwa na haki ya kuilaumu nyundo. Ulimi haukuingia tunduni. Walijaribu mti wa kwanza, wa pili, wa kumi, yote mambo yale yale: inafika nusu na kukwama. Msimamizi wa saiti, bwana mpole lakini mwenye haraka, aliamuru ndimi zote zipigwe randa zipungue. Fundi alimwomba ampe siku moja. Msimamizi alitazama saa yake, akatazama paa lisilokuwepo, akasema haya, moja tu, halafu halas.

Fundi alichukua mti mmoja na kifundo chake akaviweka ndani ya ofisi ya msimamizi, chini ya kiyoyozi kinachonguruma kutwa. Alasiri ya siku ya pili tulivitoa, yeye, msimamizi na mimi. Ulimi ukaingia kwa kusukuma kwa kiganja.

Tulikwenda kula wali kwenye kibanda nyuma ya shule, na hapo ndipo alipouliza, kama mtu anayeuliza chumvi, ni nani aliyepasua nailoni za miti. Akanieleza kwamba miti ilikaa wazi wiki tatu ikinywa unyevu wa bahari mpaka ikavimba, na vifundo vikabaki vikavu ndani ya nailoni, matundu yake yale yale. Nikasema ni mimi.

Alinisogezea sahani ya pilipili.

"Usiseme, dada," aliniambia. "Mbao haina mdomo. Watadhani nailoni ilipasuka melini."

Alisema kwa wema, najua. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne, na niliwaza jinsi nitakavyomweleza mama nikirudishwa nyumbani kwa kosa la kisu. Lakini madam alikuwa anakuja kesho yake kwa ndege ya asubuhi, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpokea. Usingizi wangu haukuwa mzuri.

Nilimwambia tukiwa bado kwenye teksi. Nilimweleza tangu ukungu wa nailoni mpaka wali. Alivaa miwani akanitazama, akaivua tena.

"Nailoni ile iliandikwa usifungue?" aliuliza.

Nikasema hapana.

"Basi kosa ni letu wawili. Mimi ndiye niliyeweka namba ndani."

Akageukia dirisha. Baadaye kidogo akanisimulia kwamba jengo lake la kwanza kabisa, kwao, aliliwekea milango yote ikifungukia ukutani upande wa swichi za taa, na kwa mwaka mzima watu walikuwa wakiingia chumbani, wanafunga mlango, ndipo wanawasha taa. Alikuwa akicheka peke yake alipokuwa akisimulia, nami nikajikuta nacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Saiti msimamizi alishapanga randa zake. Alipendekeza, kama si randa, basi miti yote ikaushwe kwa viyoyozi kama ule mmoja. Madam alikataa yote mawili. Aliomba aletewe fundi, wakasimama pamoja wakiigeuza mbao mikononi, mmoja akiongea Kiingereza cha Kijerumani na mwingine cha Mombasa, na mimi katikati nikitafsiri pale tu walipokwama. Fundi alitaka vifundo navyo vifunguliwe, vinywe hewa ile ile. Mbao ikivimba, tundu lake nalo hupanuka. Madam alitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza kutafsiri.

"Paa hili litaishi Jeddah," alimwambia msimamizi. "Halitaishi ofisini kwako. Liache lizoee."

Msimamizi alihesabu siku kwa vidole, akaguna, akakubali wiki moja.

Ile wiki ndiyo niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kukaa Saudia. Tulipasua nailoni za vifundo, safari hii kwa amri, tukavipanga kwenye kivuli juu ya mbao nyembamba ili hewa ipite chini. Kila alfajiri, kabla jua halijakuwa kali, fundi alichagua mti mmoja na kifundo kimoja akajaribu. Siku ya kwanza haukuingia. Siku ya tatu ulipita nusu. Mafundi wengine, Wamisri na Wabangladeshi, wakaanza kuja mapema nao, na kila mmoja ana lake la kutabiri. Madam hakurudi Riyadh. Alikaa kwenye kigoda cha plastiki akichora, na akajifunza kusema "bado" kwa Kiswahili, maana ndilo neno alilolisikia kila asubuhi.

Siku ya sita ulimi uliingia kwa mapigo mawili ya nyundo ya mbao. Fundi aliuchomoa, akaurudisha tena, akampa madam nyundo apige mwenyewe.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama kusuka ukili. Mimi nilisoma namba, wao wakapachika, na paa likainuka juu ya magogo yaliyolishikilia kwa muda. Kulikuwa na siku moja ya hofu, siku ya kuyaondoa magogo. Hesabu zilisema paa litashuka kiasi cha unene wa kidole kisha litulie. Tuliyalegeza moja moja, kutoka katikati kwenda pembeni. Mbao zilitoa mlio mrefu, kama mtu mzima anayekaa kitini. Kisha kimya. Nilipima kwa rula yangu: lilikuwa limeshuka pungufu ya kidole changu kidogo. Msimamizi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Watoto waliingia wiki ya kwanza ya masomo. Mwalimu wao alikuwa amewapangia mikeka na vitabu, lakini walipotazama juu wakasahau vyote. Mmoja alilala chali, na kabla mwalimu hajafungua mdomo darasa zima lilikuwa chini, macho yote yakifuata jinsi mti mmoja unavyoupokea mwingine. Madam alivua viatu akalala katikati yao, mvi zake kwenye mkeka. Nami nikalala.

Fundi alibaki mlangoni na simu mkononi, akimwonyesha mkewe Mombasa paa lote, pembe hadi pembe, akieleza kila kifundo. Mkewe alitazama kwa utulivu mpaka akamaliza. Kisha sote tukamsikia akimuuliza ule mlango wa jikoni ataurekebisha lini.