Mbebeni Kwanza

Nakumbuka siku moja ya utoto wangu pale Shituru, mama alinituma nipange mstari wa poso, ule unga na samaki ambao kampuni ya shaba iliwagawia wafanyakazi. Nikalala juu ya mfuko wa mtu, mbuzi akaila kofia yangu ya majani. Nililia, we! Mama mmoja mnene, mkunga wa kampuni, akanifuta makamasi kwa kikwembe, kitenge chake, akanicheka mpaka nami nikacheka. Alikuwa Mama Ngoie. Mbuzi sikumsamehe.

Nilipokuwa nami mama wa watoto, kampuni ilianguka. Mishahara ikakauka, vyumba vya kuzalia vikabaki na vitanda bila magodoro. Mama Ngoie hakukaa kulaani. Alikausha boga kubwa, akatia ndani mwanasesere wa soksi, akaniambia, "Twende vijijini, tuonyeshe wanawake namna mtoto anavyokwama." Minye, mimi mtu wa darasa la tatu! Mjini walitucheka: "Nani anawalipa?" Hakuna aliyetulipa. Wanawake wa vijijini walitupa mihogo, tukashukuru.

Katika kijiji kimoja upande wa Lufira tulifundisha neno moja mpaka likawa wimbo: uchungu usione jua mara mbili. Jua la pili likichomoza, mama abebwe apelekwe hospitali ya misioni Kapolowe. Wakatengeneza kipoyi, machela ya miti na kikwembe. Tulifurahi.

Mwanangu, tuliporudi kijijini safari nyingine, kipoyi kilikuwa kimeegemea ukuta, na Monga, mke wa Kabwe, yuko ndani na uchungu tangu jana asubuhi. Shangazi wa Kabwe amekaa juu ya kinu, mlangoni kabisa. Kabwe amesimama kando yake, mikono nyuma.

"Munangoja nini?" nikauliza.

"Jina," akasema shangazi. "Alitembea na mwanaume mwingine, ndiyo maana mutoto anakatala kutoka. Ataje. Mficha uchi hazai."

Ndani tukasikia sauti iliyokauka: "Sina jina lingine, mama! Ni Kabwe tu!"

Mpaka leo, nikikumbuka, mate yananikauka kwa hasira. Mtu anakufa, wao wanafanya baraza! Nikapiga kelele, "Munamuua!"

"Weye mutoto wa mjini, funga kinywa," akasema shangazi.

Mama Ngoie hakupiga kelele. Akakaa chini, miguu mbele, akamtazama Kabwe. "Papa Kabwe, minye pia nilizaliwa huku. Nyanya yangu alinifundisha desturi hii nzima, hakuikata nusu. Mutoto akikwama, bibi anataja, na bwana anataja. Bibi amemaliza. Sasa ni weye."

Mwanamke mmoja nyuma yetu akadakia: "Papa, anza na yule wa soko la samaki!" Na mwingine: "Usisahau jirani yangu, atakasirika!" Wakaangua kicheko. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu.

Shangazi akamgeukia Kabwe. "Ni kweli, desturi iko hivyo. Sema, mutoto ya ndugu yangu."

Kabwe akatazama vidole vya miguu yake.

Shangazi yule mzee, nampa haki yake, akainuka kwenye kinu, akakisukuma kando. Wanawake wakaingia, wakamtoa Monga, wakampandisha kipoyi, na mbele yao nani? Shangazi, bega chini ya mti. Tulipokezana mpaka Kapolowe. Daktari alimpasua, akatoa mtoto wa kike, naye akalia. Monga aliishi.

Sasa sikia, weye unayetaka kwenda kufundisha. Usifundishe tu yule anayezaa. Fundisha na anayekaa mlangoni, kwa sababu yeye ndiye mwenye njia. Usidharau desturi ya watu. Ijue mpaka mwisho, maana mara nyingi wanaume huikata pale inapowagusa. Na mtu akiwa kati ya uhai na kifo, mbebeni kwanza. Maneno yatangoja. Mungu akupe miguu isiyochoka na ulimi usioogopa, na binti zako wazae na kuamka.

Unauliza Kabwe? Tulipoinua kipoyi, alichukua koti lake ukutani, akasema anatangulia kutafuta baiskeli. Akapita kati ya mihogo, polepole, kama mtu aendaye shambani. Hakutazama nyuma. Kijiji kile hakikumwona tena.