Jana na Kesho kwa Neno Moja

Tulipofika Kigali kutoka Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1994, mauaji yalikuwa yamekwisha na shule zilikuwa zinafunguliwa moja moja. Mimi niliyekuwa naongoza darasa kule Tanzania nikawekwa darasa la kwanza. Na miaka yangu kumi na miwili! Nilikaa na watoto wanaonyonya vidole, magoti yakigonga dawati. Nyumbani wazazi walisema Kinyarwanda, mimi nikajibu Kiswahili. Kwa hiyo nilijua Kinyarwanda cha kuitwa kula na cha kufokewa, basi.

Mwalimu mkuu alisema nikiweza kuzungumza naye Kinyarwanda bila kubabaika, atanipeleka la tano. Nikishindwa, nitabaki na wale wachanga mwaka mzima.

Katika mtaa wa Nyamirambo palikuwa na mama mmoja mshonaji aliyejitolea kutufundisha sisi watoto tuliotoka nje. Kila alasiri alisogeza cherehani, akatandika mkeka barazani, akatufundisha Kinyarwanda kwa Kiswahili chake cha Kigali. Mimi, na ujuaji wangu, nilimsahihisha mbele ya watu.

"Sikiriza, binti," aliniambia. "Wewe iko na kichwa, rakini mdomo iko mbere ya kichwa."

Kilichonitoa jasho ni neno *ejo*. Ejo ni jana. Ejo ni kesho pia! Jamani, nilimuuliza, watu gani hawa wasiotenganisha jana na kesho? Hakucheka. Alisema nisikilize kitenzi, ndicho kinachosema kama ni siku ya nyuma au ya mbele. Tukafanya mazoezi ya swali nitakalomuuliza mwalimu mkuu, mpaka nikaliota: *Ejo muzigisha ba nde?* Kesho mtawafundisha akina nani? Nilitaka ajibu, "Wewe." Nilijiona mjanja kweli.

Siku yenyewe nilianza vizuri. Tulisimama kwenye mlango wa darasa la tano, nikamweleza habari za wazazi na safari yetu. Kisha akasema nami nimuulize swali. Ulimi ukateleza.

"Ejo mwigishaga ba nde?"

Jana mlikuwa mkiwafundisha akina nani?

Nilitambua kosa papo hapo, lakini alikwisha kuvua miwani. Alitazama ndani, ambako madawati mengi yalikuwa matupu. Nikadhani nimemuudhi, la tano limeniponyoka. Ndipo akaanza kujibu. Alitaja majina, polepole, akifuata madawati, mstari wa mbele kwanza. Jina moja alilikosea, akarudi nyuma akalisema sawasawa. Niliogopa. Nilimhurumia, nikatamani anyamaze, nikaona haya kwa kutamani hivyo.

Alipofika mstari wa dirishani alinishika bega, akaniingiza darasani. Akanionyesha dawati, akataja jina la msichana aliyekuwa akikaa pale, akaniambia nikae.