Munyaa, Kaktusi na Jicho Langu

Ndugu na marafiki wa Baraka, natangaza kwa heshima kubwa: leo nimekuwa fundi wa kuunganisha mimea.

Fundi wa kukata mara moja tu.

Rafiki yangu anayekaa Mboko alinipa kipande cha kaktusi. Nikaona mti wa munyaa wa kuzungushia lupango yetu, kiwanja cha nyumba, nao hauna majani. Nikasema hao ni ndugu. Nikaukata ili nipandikize kaktusi juu yake.

Utomvu mweupe ukaniruka jichoni.

Moto mtupu, jamani. Nikaona giza.

"Dawa ni maziwa ya mama anayenyonyesha," muke wangu akasema. "Lala chini, baba."

Kwetu anayenyonyesha ni mmoja: mukamwana wangu, muke wa kijana wetu. Kwa desturi yetu hata jina lake silitamki.

"Heri nipofuke," nikajibu.

"Na nani atakushika mukono kwenda choo? Ni yeye."

Basi mukamwana akakamulia kikombeni nyuma ya mulango, muke wangu akanitonyeshea jichoni. Jicho linaona. Chekeni tu.

Lakini hayo maneno ya "heri nipofuke" tumeyatunga baadaye, mimi na muke wangu. Ukweli ni kwamba alipotaja maziwa tu, nilimuita mukamwana kwa jina lake, lupango yote ikasikia.

Na yeye, masikini, akaitika.