Yai la Bluu la Générose wa Bangwe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwaloni Bangwe, ufukweni boti za uvuvi zinaposhusha samaki, Générose anafunua ndoo ya mayai ya kuchemsha. Anayazamisha chini yale sita yenye rangi ya bluu. Amechelewa, yameshaonekana.

"Générose, leo tena umetuletea ya mamba?" anauliza Mwinshehe, mbeba mizigo ambaye hula matatu kila siku.

Mwalo mzima unacheka. Générose hacheki. Leo ni Jumamosi, na mumewe Gervasi amesema mayai hayo yasipoisha leo, kuku anayeyataga anaingia sufuriani.

Générose ana miaka 39. Alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1993 akiwa mtoto, yeye na mama yake wakikimbia vita. Mashua ilipoyumba, mama yake alimwambia ajishike mwenyewe, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika kuku.

"Tangu siku hiyo naheshimu kuku," anasema.

Huyu wa mayai ya bluu alimnunua kwa mfanyabiashara kutoka Kongo. Anataga karibu kila siku, kuwazidi wenzake wote, ila wateja wanayakimbia mayai yake. Kuyamenya kabla ya kuja haiwezekani. Mwaloni, yai lililomenywa nyumbani linahesabiwa limeshalambwa.

Wiki hii alimuuliza Leodgar, afisa mifugo. Akaelezwa kwamba zamani za zamani kirusi kiliingia kwenye vinasaba vya kuku, kikabaki humo, kikawa kinarithiwa kama shingo isiyo na manyoya au kishungi. Hakimuumizi mtu. Kinachofanya ni kulipaka ganda rangi tu.

Générose hajui kuficha neno. Kesho yake akawatangazia wateja kuwa si mamba, ni kirusi tu. Katika mayai hamsini aliuza kumi na mawili.

Leo anaweka ndoo chini na kushika kiuno.

"Mwinshehe, nisikilize. Hicho kirusi kilifika kwa kuku kama mimi nilivyofika hapa. Kikaogopwa. Kikakaa, kikazaa, kwao kikapasahau. Sasa hivi chenyewe ni kuku. Na babu yako naye si alivuka kutoka Kongo? Nani alimpima?"

Watu wanamgeukia Mwinshehe. Anachukua la bluu, analigonga kwenye ukingo wa ndoo, anamenya. Ndani jeupe. Anatafuna huku ameshikilia tumbo, tayari kwa lolote.

"Lina ladha gani?" anauliza mmoja.

"Ya yai," anajibu, kama mtu aliyedhulumiwa. "Ongeza pilipili."

Matano yaliyobaki yanagombewa. Mvuvi aliyekosa anapewa jeupe na kulalamika kwamba amebaguliwa.

Générose sasa anataka kuku kumi wa mayai ya bluu. Leodgar amemtahadharisha kuwa si kila kifaranga atarithi rangi. Générose anasema atakayekosa atapendwa vilevile.

Nyumbani, Gervasi anapigilia mbao za banda. Anadai habari ya sufuria ilikuwa utani. Nyuma yake kuku, ambaye hakuwahi kuambiwa lolote, ametaga jingine.