Mkebe wa Nusu Kilo

Shosho yangu, yaani nyanya, aliolewa kabla mama yangu hajazaliwa. Mbuzi zilipelekwa kwao, watu wakala, ikaisha. Lakini kanisani kwao Kanyakine hiyo haikutosha. Kama ndoa yenu haijabarikiwa pale mbele, huendi kwa meza ya Bwana. Kwa hivyo kila Jumapili ya ushirika shosho alikuwa anabaki kwa benchi na kibeti juu ya magoti, wenzake wakienda mbele. Babu hakutaka kusikia habari ya harusi. Alisema mzee kama yeye akivalishwa suti watu watafikiri anazikwa. Halafu ule mwaka nilimaliza shule, fomu foo, akakubali, na hajawahi kusema ni kwa nini.

Shosho aliomba kitu moja tu, keki. Hakutaka ya kununua. Alitaka ya nyumbani, aikate mwenyewe, amlishe babu mbele ya watu vile maarusi wadogo wanafanya.

Kazi nikapewa mimi, kwa sababu ndio nilikuwa nimesoma upishi shuleni. Nilikuwa na daftari: unga gramu mia tano, sukari mia mbili hamsini, mafuta mia mbili hamsini, mayai matano. Mizani hatukuwa nayo. Lakini kwa rafu kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, umeisha, umeandikwa kwa ubavu gramu mia tano. Nikasema basi, hii ndio nusu kilo. Mkebe mmoja wa unga, nusu ya sukari, nusu ya mafuta. Sikuona kitu cha kufikiria hapo.

"Umepima vizuri?" shosho akauliza.

"Shosho, imeandikwa."

Hiyo ilikuwa Alhamisi, harusi ni Jumamosi. Nikaweka sufuria kwa jiko, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Keki ikafura, ikapendeza, halafu nikiiangalia ikaanza kuzama katikati. Nilipoitoa ilikuwa shimo, na chini imejaa mafuta, inang'aa. Ilikuwa imekula mayai matano, na kuku wa shosho walikuwa hawatagi kama zamani. Yalibaki sita.

Babu alipita akaangalia ndani ya sufuria.

"Hii ni keki ama ni supu?"

"Nenda ukanyoe ndevu, bwana arusi," shosho akamwambia.

Mimi nililia, sio kwa sauti. Nilijitetea pia, na hiyo ndio naona aibu nikikumbuka. Nilisema ni makaa, nikasema ni unga wa zamani, nikasema sufuria ni mbaya. Shosho alichukua mkebe akaugeuza geuza, akaujaza unga, akaushika na mkono mmoja. Akaumwaga, akajaza sukari, akaushika tena.

"Kuja ushike."

Nikashika. Wa sukari ulikuwa mzito.

"Sisi tukipeleka kahawa fakitori," akasema, "debe ni lile lile. Ukijaza mbivu, karani anaandika kilo nyingi. Ukijaza mbuni, ile imekauka, anaandika kidogo. Debe halijabadilika. Sasa hii mkebe ilikuwa ya nini?"

"Ya mafuta."

"Basi ilipima mafuta."

Nilikuwa nimefanya hiyo kitu, ujazo na uzito, kwa fizikia kidato cha pili, nikapita, na hata siku moja sikufikiria inahusu unga. Mafuta peke yake ndio niliweka sawa. Unga ulikuwa kidogo sana.

Ijumaa asubuhi tulienda dukani sisi wawili, yeye na kofia yake ya sufu, mimi nimebeba unga kwa mfuko. Mwenye duka alikuwa na mizani ya mawe, ile ya kupimia sukari.

"Mama, unaniuzia unga leo?" akauliza.

"Nakuazima mjukuu. Ametoka shule, mpe mizani."

Nikaweka kwanza mkebe mtupu, nikausawazisha na mawe. Halafu nikaujaza unga bila kushindilia. Nusu kilo haikufika hata karibu, ilikuwa kama gramu mia tatu. Nikaongeza unga mwingine kidogo kidogo, kwa karatasi juu ya mkebe, mpaka mizani ikalala sawa. Ule wa karatasi nikaupima kwa mkebe: jumla mkebe mmoja, na theluthi mbili za mwingine. Nilirudia mara tatu. Mimi ambaye sipendi kurudia kitu, nilirudia, na mwenye duka akawahudumia watu wengine kando bila kunisukuma.

Nilipika Ijumaa jioni. Nikavunja mayai matano, moja likabaki. Shosho aliketi karibu na jiko na hakuuliza kama nimepima. Keki ilifura ikakaa hivyo. Upande mmoja uliungua kidogo, tukaukwangua na kisu.

Jumamosi mchungaji aliwabariki, na walipoalikwa kwa meza ya Bwana shosho alisimama akaenda polepole, hakuangalia mtu. Nje tukaweka keki kwa meza yenye kitambaa. Aliikata, akachukua kipande kwa vidole. Kwetu mama mzee halishi mzee mwenzake mbele ya watu, na babu alijua watu wote wanamwangalia. Alifunga macho kabisa kama mtoto anapewa dawa, akafungua mdomo. Shosho alimwekea, halafu akangoja.

Babu akatafuna. Bado amefunga macho, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa hapo nyuma nimeshika sahani nikasikia:

"Lete ingine."